Kovu, Karatasi na Tarehe: Somo juu ya Kudai Fidia kwa Uzembe wa Matibabu

  Chukueni daftari na penseli. Somo la leo lina tarehe na hesabu chache ambazo nitawaomba mziandike.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulisema kwa kunong'ona. Mtu alikwenda hospitali kutibiwa, akatoka na dhara ambalo hakuingia nalo. Miaka imepita. Je, aweza kudai fidia? Amwendee nani? Na je, amekwisha chelewa?

Nitaanza na habari ya mama mmoja niliyekutana naye nilipokwenda kukagua darasa la jioni. Jina lake si la kutangazwa redioni, kwa hiyo tumwite Mama Tatu. Mama huyu alipasuliwa tumbo ili ajifungue, katika hospitali moja ya serikali. Mtoto alizaliwa salama. Lakini tangu siku hizo tumbo la mama halikutulia. Wengine walimwambia ni chango, wengine wakasema amerogwa. Alikunywa dawa za mizizi, akauza mbuzi wawili kwa ajili ya waganga. Baada ya miaka miwili maumivu yalizidi, akapelekwa hospitali nyingine, akapasuliwa tena. Ndani ya tumbo walikuta kipande cha shashi, yaani kile kitambaa chepesi ambacho hutumiwa kufyonza damu wakati wa operesheni. Wakakitoa, akapona. Siku ya kutoka alipewa karatasi, akaambiwa aitunze.

Naye aliitunza vizuri. Aliiweka sandukuni, chini ya kanga zake, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Taabu ni kwamba hakujua kusoma. Ukapita mwaka mmoja na miezi minane, ndipo alipojiunga na darasa. Siku moja mwalimu alimwambia kila mwanafunzi alete karatasi moja kutoka nyumbani ajaribu kuisoma. Mmoja alileta stakabadhi ya pamba, mwingine cheti cha ubatizo. Mama Tatu akaleta ile karatasi ya hospitali. Akasoma jina lake mwenyewe. Akasoma tarehe. Maneno mengine yalikuwa ya Kiingereza, na mwalimu akamfasiria. Darasa zima likanyamaza. Kisha Mama Tatu akanigeukia mimi, akaniuliza, "Ndugu Afisa, karatasi hii yafaa kitu?"

Sikuweza kumjibu palepale. Nilirudi mjini, nikamwuliza wakili, nikasoma sheria. Somo hili ndilo jibu lake, nami nalitoa kwenu nyote. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara.

UZEMBE NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Si kila dhara linalompata mgonjwa ni uzembe. Maradhi mengine hushinda dawa. Operesheni nyingine ni za hatari hata zikifanywa na mikono hodari. Daktari hakuahidi kwamba utapona. Aliahidi uangalifu ambao daktari mwenye ujuzi wa kazi hiyo angeuonyesha.

Kwa hiyo anayedai fidia hana budi kuonyesha mambo manne. La kwanza, kwamba hospitali ilikuwa na wajibu wa kumwangalia. Hili si gumu, maana walipompokea mgonjwa walikwisha beba wajibu huo. La pili, kwamba hawakufanya kazi kwa uangalifu uliotakiwa. La tatu, kwamba amepata dhara. La nne, kwamba dhara hilo limetokana na ukosefu wa uangalifu, wala si na ugonjwa wenyewe au sababu nyingine. Yaandikeni manne haya kwa kifupi: wajibu, kosa, dhara, na kiungo. Kikikosekana kimoja, madai huanguka.

Sheria hii ya uzembe tumeirithi kutoka Uingereza, na mfano mmoja wa huko hutajwa sana na mawakili. Mwaka 1957, katika mahakama ya London, mgonjwa mmoja aitwaye Bolam aliidai hospitali fidia. Alikuwa ametibiwa ugonjwa wa akili kwa umeme bila kupewa dawa ya kulegeza misuli, mwili ukatetemeka kwa nguvu, akavunjika mifupa ya nyonga. Dhara lilikuwapo, kila mtu aliliona. Hata hivyo alishindwa. Kwa nini? Kwa sababu wakati ule madaktari wenyewe walikuwa hawajakubaliana. Wengine walitoa dawa ile, wengine hawakutoa, na wote walikuwa na sababu zao. Mahakama ilishika kwamba daktari si mzembe ikiwa amefuata njia inayokubaliwa na madaktari wenzake wenye ujuzi. Basi, ndugu zangu, msikimbilie mahakamani kwa sababu ya uchungu peke yake. Mwulizeni kwanza daktari mwingine.

Lakini yako mambo yanayojisema yenyewe. Shashi haiingii tumboni kwa kutembea. Hakuna kundi la madaktari litakalosema kwamba ni njia nzuri kuiacha mle ndani. Vivyo hivyo mtu akipasuliwa mahali pasipo pake. Mwaka 2007, katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa. Mwenye ugonjwa wa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye ugonjwa wa kichwa akapasuliwa goti.

Makosa ya namna hii yana kinga. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika kila operesheni. Jina la mgonjwa liulizwe. Mahali pa kupasuliwa pahakikishwe. Kabla mgonjwa hajatoka chumbani, vyombo, vitambaa na sindano vihesabiwe. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa walikufa 15. Baada ya orodha walikufa 8. Kuhesabu vitambaa, basi, ni kazi ndogo inayookoa watu. Kutovihesabu ni jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kuliulizia.

SAA YA SHERIA

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo limewapotezea wengi haki zao. Jambo hilo ni muda.

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inasema kwamba madai ya uzembe yafunguliwe mahakamani ndani ya miaka 3. Andikeni: miaka mitatu. Yako madai mengine yenye muda mfupi zaidi, hata wa mwaka mmoja, kwa hiyo mtu asikae akihesabu miaka mitatu kama mtu mwenye akiba benki. Walio nchi jirani wasiazime tarehe zetu. Kenya, mathalani, madai ya uzembe dhidi ya Serikali hupewa miezi 12 tu.

Miaka mitatu inahesabiwa tangu lini? Kwa kawaida tangu siku ile haki ya kudai ilipozaliwa, na wakili mwangalifu huhesabu tangu siku ya mapema kuliko zote. Lakini sheria inawakumbuka watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni mtoto. Akidhurika angali mdogo, muda wake huanza kuhesabiwa atakapokuwa mtu mzima. Wa pili ni mtu aliyepungukiwa na akili. Naye muda wake hungoja mpaka apate nafuu. Wa tatu ni mtu aliyefichwa ukweli kwa hila. Kwa huyo, muda huanza siku alipoigundua hila, au siku ambayo angeweza kuigundua kama angefanya bidii. Angalieni neno hilo, bidii. Mtu aliyepewa karatasi akaifungia sandukuni ataulizwa kwa nini hakuisoma wala hakuisomesha.

Na mtu ambaye miaka mitatu imekwisha mpita, wala hayumo katika hao watatu? Bado uko mlango mmoja, tena mwembamba. Kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinampa Waziri mwenye dhamana ya sheria uwezo wa kuongeza muda, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akiona ni haki kufanya hivyo. Lakini nyongeza haiwezi kuzidi nusu ya muda wa kwanza.

Haya, mwalimu, andika ubaoni. Muda wa kwanza ni miaka 3. Nusu yake ni mwaka 1 na miezi 6. Jumla ni miaka 4 na miezi 6. Mama Tatu alipasuliwa mara ya kwanza miaka 3 na miezi 8 iliyopita. Je, amebakiwa na muda gani? Toeni. Ndiyo, miezi 10.

Wala miezi hiyo kumi si yote ya kutumia. Hospitali yenyewe ni ya serikali. Anayetaka kuishtaki Serikali hana budi kwanza kuipa notisi ya siku 90, yaani barua inayosema anadai nini na kwa sababu gani, na nakala yake ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mwaka 2020 mpango huu wa notisi umezikumba pia halmashauri na mashirika ya umma. Siku 90 zikiisha, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa katika shauri. Toeni tena: miezi 10, ondoeni miezi 3. Inabaki 7, na ndani ya hiyo yataka kupata wakili, karatasi, na jibu la Waziri. Wazee walisema kweli kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

KARATASI

Wazee hao hao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ni mali. Mahakama haikuwapo chumba cha operesheni. Inategemea karatasi na mashahidi.

Kusanyeni haya: kadi ya hospitali yenye namba ya faili, karatasi ya kutoka wodini, majibu ya maabara na picha za eksirei, stakabadhi za dawa na za nauli, na maelezo ya maandishi ya daktari aliyegundua kosa. Kisha andikeni ninyi wenyewe katika daftari, siku kwa siku kama mnavyokumbuka: lini mlilazwa, nani alisema nini, lini maumivu yalianza, siku ngapi hamkuweza kulima. Ndugu aliyewauguza naye aeleze yake, maana huenda akawa shahidi.

Hospitali inayo kumbukumbu zaidi ya hizo mlizo nazo. Iombeni nakala kwa barua. Mwalimu atawasomea barua hii polepole nanyi mtaiandika:

"Kwa Mganga Mfawidhi. Mimi (jina) nililazwa katika hospitali hii tangu tarehe (…) mpaka tarehe (…), nikafanyiwa operesheni ya (…). Namba ya faili langu ni (…). Naomba nakala ya kumbukumbu zote za matibabu yangu. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Ahsante. (Jina, sahihi, tarehe.)"

Andikeni barua mbili zilizo sawa. Moja mwachie karani, ya pili mpe aipige mhuri wa kupokelewa, mrudi nayo nyumbani. Barua isiyo na mhuri ni kama neno lililosemwa njiani.

NJIA TATU

Baada ya kukusanya karatasi, ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni hospitali yenyewe. Mwendeeni Mganga Mfawidhi kwa adabu, mkamweleze. Daktari si adui. Wengi wao wanafanya kazi usiku na mchana, wagonjwa wengi na mikono michache, na wengine watakubali kosa na kutaka kulitengeneza. Wakikubali kulipa, mambo yaweza kumalizika bila kesi. Lakini mazungumzo hayaisimamishi saa ya sheria. Mtu aweza kuzungushwa na "njoo wiki ijayo" mpaka miaka mitatu ikaisha.

Njia ya pili ni baraza la taaluma. Malalamiko juu ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na yale ya muuguzi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baraza laweza kumwonya mtu, kumsimamisha kazi, au kumfuta katika daftari la wenye kazi hiyo. Baraza halipo kwa ajili ya kumlipa mgonjwa. Atakayetaka fidia ataendelea na njia ya tatu.

Njia ya tatu ni mahakama. Huko hushitakiwa pia hospitali yenyewe, wala si daktari peke yake, kwa sababu mwajiri hubeba makosa ambayo mfanyakazi wake ameyafanya kazini. Katika madai kama haya hakimu hatafuti uhakika usio na shaka yoyote, kama katika kesi ya jinai. Hutazama mizani. Upande ulioelemea, hata kidogo, ndio unaoshinda. Na tangu mwaka 2021 sheria imeweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza bado chaweza kutumika pale haki inapokihitaji.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayowasaidia watu wasio na uwezo. Ulizeni katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri yenu, au katika Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

FIDIA NA DOLE GUMBA

Fidia ina mafungu mawili. La kwanza ni hasara mahsusi, yaani fedha ulizotumia au kukosa: dawa, nauli, operesheni ya pili, mshahara uliokatwa. Hasara hizi hutajwa moja moja na kuthibitishwa moja moja. Mbuzi wawili wa Mama Tatu waliliwa na waganga wasiotoa stakabadhi, na ni vigumu kuwarudisha. Fungu la pili ni fidia ya jumla, kwa ajili ya maumivu na maisha yaliyoharibika. Hilo halina stakabadhi. Hakimu hulipima mwenyewe.

Yako mambo mawili ya mwisho juu ya sahihi. Watu huniambia, "Mimi nilitia dole gumba kabla ya operesheni, kwa hiyo sina neno." Sivyo. Karatasi ile ilisema umekubali kupasuliwa na umeelezwa hatari zake. Haikusema umekubali uzembe. Lakini iko karatasi nyingine ambayo huja baadaye, pamoja na bahasha ya fedha. Hiyo husema kwamba umelipwa na hutadai tena kamwe. Usiitie sahihi wala dole mpaka uisome yote, au usomewe na mtu unayemwamini, na mwanasheria aione. Dole gumba la dakika moja laweza kufunga mlango wa maisha.

Sasa nirudi kwa Mama Tatu. Nilimpelekea jibu: karatasi yake yafaa. Wajibu upo, kosa lajisema lenyewe, dhara liliandikwa na daktari wa pili, na kiungo kimo katika tarehe zile mbili. Kilichompungukia ni muda. Msaidizi wa kisheria alimwandikia maombi ya kupelekwa kwa Waziri, na notisi ya siku 90 ikatumwa. Maombi hayo Mama Tatu hakuyatia dole gumba. Aliandika jina lake kwa mkono wake, herufi zikipanda na kushuka, akaomba asiharakishwe. Wakati ninapoyasema haya jibu bado halijaja, nami sitawaahidi kwamba litakuwa zuri. Angeisoma karatasi ile siku aliyopewa, asingehitaji kumwomba Waziri.

Kwa hiyo usiku huu, mkifika nyumbani, fungueni masanduku yenu. Tazameni kila karatasi ya hospitali, yenu, ya watoto na ya wazee wenu. Someni tarehe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo manne ambayo mdai hana budi kuyaonyesha.
2. Kwa nini Bolam alishindwa mwaka 1957 ingawa alivunjika mifupa?
3. Mtu alidhurika katika operesheni miaka 2 na miezi 7 iliyopita, katika hospitali ya serikali. Amebakiwa na miezi mingapi kabla ya miaka mitatu kuisha? Akitoa notisi leo, atakuwa na muda gani wa kufungua shauri baada ya notisi kwisha?
4. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya baraza la madaktari na kazi ya mahakama?
5. Andika barua ya kuomba nakala ya kumbukumbu, kwa jina lako mwenyewe.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.